UZI: Kidari cha ng'ombe cha kuchoma kwa moshi, utakijuaje buchani hapa Dar kabla hakijapigwa shoka?

Moshi Mwepesi

Wakuu habari za majukumu. Siku hizi humu mjini naona watu wameshika kasi na hii nyama ya kuchoma kwa moshi masaa mengi, ile ya mtindo wa Texas, mapipa yanakatwa yanachomelewa bomba juu, video kila kona, halafu mtu huyohuyo anaenda bucha anasema "nipe brisketi kilo tatu", jamaa anamwangalia, anashika shoka, paa paa paa, anamfungia vipande vya supu. Akifika home nyama inakakamaa anaanza kulaumu pipa. Pipa halina kosa mkuu, nyama yenyewe hukuipata.

Hiyo brisketi buchani ukiiita kidari umeeleweka. Ni nyama ya kifua, pale chini kwa mbele kati ya miguu ya mbele, inaanzia chini ya shingo inarudi nyuma mpaka kwenye mbavu ya tano hivi. Ng'ombe hana mtulinga kama sisi, kwahiyo uzito wa mbele wote umeshikiliwa na misuli, na hii ya kifua inapiga kazi kila anaponyanyuka na kila anapotembea. Ndo maana imejaa kolajeni, zile nyuzinyuzi ngumu za kushikilia nyama. Kolajeni ukiipa moto mdogo kwa masaa mengi inayeyuka inakuwa ulainiulaini na utamu, ukiibanika chapchap juu ya mkaa wa moto mkali utatafuna mpaka taya ziombe poo.

Sasa hapa ndo watu wengi hawajui. Kidari sio nyama moja, ni misuli miwili iliyolaliana na katikati yake kuna mstari mnene wa mafuta. Ule wa ndani, uliogusana na mbavu, ni bapa, mwembamba, mwekundu, mafuta kidogo, nyuzi zake zimenyooka upande mmoja, huo wachomaji wanauita flati. Ule wa juu yake kwa upande wa mbele, kule kwenye shingo, ni mnene, umevimba, umbo halieleweki, mafuta yameingia ndani ya nyama yenyewe, huo ni pointi. Nyuzi za pointi zinaelekea kwingine kabisa na za flati, kwahiyo hata siku ya kukata utageuza kisu ukivuka kutoka kwenye flati kwenda kwenye pointi, usipogeuza nusu ya sahani itakuwa laini na nusu kamba.

Ng'ombe mmoja ana vidari viwili, kulia na kushoto. Ukitaka kujua umeuziwa kidari kweli angalia vitu hivi: huo mstari wa mafuta unaotenganisha misuli miwili upo? upande wa nje una blanketi la mafuta? na kama kina mfupa, je ni ule mfupa wa kifua wenye vitundu vitundu na gegedu nyeupe, au ni mbavu ndefu iliyopinda? Ukiona mbavu ndefu zilizopinda hapo umepewa ubavu, rudisha.

Kwa anayechoma mara ya kwanza mi ushauri wangu tafuta pointi. Flati ya ng'ombe wetu ni nyembamba mno, inakauka wakati hujamaliza hata kusalimiana na wageni. Wataalamu wa Texas watabisha lakini wao wana ng'ombe wa aina nyingine.

Wenye uzoefu karibuni, hasa waliowahi kusimama nyuma ya meza ya bucha.

Mtoto wa Tandika

Nakaa siti ya mbele na toothpick yangu mkononi.

Binti Magomeni

Asante kaka kwa uzi, lakini hizo flati na pointi mi nizionee wapi? Bucha ya mtaani kwetu nyama inaning'inia ndoano moja kubwa, nikienda saa nne nimebaki naulizia kidari naambiwa kimeisha, chukua mchanganyiko. Na siku nilipopata nikaletewa kipande chembamba kina tabaka tabaka, mafuta nyama mafuta nyama, nikaambiwa ndio kidari hicho dada. Ndio chenyewe?

Moshi Mwepesi

Dada hapo ulipewa nyama ya tumbo la mbele, inayofuata nyuma ya kidari. Hiyo ukiikata ubavuni unaona tabaka zimepangana kama chapati ya kusukuma vizuri, na upande wa ndani ina utando mweupe mgumu. Sio nyama mbaya, kule New York ndo waliyoizoea kwa pastrami, ile nyama ya kulowekwa chumvi na viungo halafu inatiwa moshi, na ukiipika taratibu inalainika vizuri tu. Lakini sio kidari, na mtu akikuuzia kwa jina la kidari bila kukwambia anakuchezea.

Fundi Bucha Mstaafu

Nimesimama kwenye gogo miaka mingi kabla mgongo haujagoma, ngoja niwape ya ndani.

Nyama inatoka machinjioni alfajiri, za Vingunguti na kwingineko, inafika bucha ikiwa robo robo. Kidari kinakuja kwenye robo ya mbele. Mzoga umeshapasuliwa katikati kwahiyo kila upande una nusu ya mfupa wa kifua pembeni. Sasa yule kijana wa bucha hana habari na flati wala pointi, yeye anajua wateja wake. Mama ntilie wanataka supu, wa pilau wanataka nyama yenye mafuta na mfupa kidogo, wote hao wanapenda kidari, na wote wanafika kabla jua halijakolea. Kwahiyo anapiga shoka mapema, ikifika saa tatu kidari kimeshakuwa vipande kwenye meza vimechanganywa na shingo. Binti yangu ukiambiwa kimeisha saa nne sio uongo, ni kweli kimeisha, tena kimeisha mbele ya macho yako, hicho unachokiona mezani ndicho kilichobaki kikiwa vipande.

Dawa yake ni kwenda jana yake jioni. Mwambie hivi: "Kaka kesho nitolee kidari cha upande mmoja kizima, usikipige shoka, mfupa utoe kwa kisu, mafuta usiyaguse." Maneno hayo manne yote uyaseme, ukisahau la mafuta atakisafisha vizuri sana akijua anakusaidia. Acha na kianzio cha hela. Kijana anayekujua atakutunzia. Kwenye sikukuu mwambie wiki nzima kabla, siku ya Idd au mkesha wa Krismasi usimtegee, hana muda wa kutembeza kisu kwenye mfupa wakati foleni imefika barabarani.

Halafu jambo la mizani. Mfupa wa kifua una uzito. Ukipimiwa kidari na mfupa halafu ndo akutolee, umelipia mfupa. Sio wizi ndio utaratibu wa bucha, lakini omba upewe mfupa wako, ni supu tosha. Ukitaka apime baada ya kutoa mfupa atakupandishia bei mpaka ya steki, mnapatana.

Na kabla ya yote angalia muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga, ule wino. Nyama isiyo na muhuri iacheni hata iwe nzuri namna gani.

Binti Magomeni

Shikamoo fundi. Nimeyaandika hayo maneno manne kwenye simu. Swali lingine, nikikuta tayari kimekatwa vipande vikubwa, nitajuaje hiki ni kidari na hiki ni shingo na hiki ni mkono?

Fundi Bucha Mstaafu

Marahaba binti. Shingo ni misuli midogo midogo mingi, kila mmoja unaelekea kwake, nyama yake imeiva wekundu wa giza, na mara nyingi utakuta mshipa mnene wa njano. Ule mshipa wa njano usijidanganye kwamba utalainika, pika kutwa pika kucha utabaki vilevile, kata tupa. Mkono ni nyama mviringo mviringo imefungwa na ngozi nyembamba ya kung'aa, haina lile blanketi la mafuta upande mmoja. Kidari hata kikiwa kipande utaona mafuta meupe au ya njano upande mmoja, nyama, mstari wa mafuta, nyama tena. Nyuzi zake nene zinaonekana kwa macho. Ukiona kipande kina pande mbili za nyama na nyuzi zinapishana hapo umekamata penye makutano ya hiyo misuli miwili, kwa kuchoma ndio patamu.

Mla Mbavu

Mkuu mi nimeona kwenye video wanashika kidari katikati wanakinyanyua, ncha zikilegea zikaanguka chini wanasema hicho ndo kilaini, kikisimama mbao wanaacha. Mbona hujaiweka hiyo? Mi ndo kipimo changu buchani.

Moshi Mwepesi

Nimeiacha makusudi mkuu. Wale nyama yao imeshakaa kwenye baridi siku nyingi ndani ya plastiki iliyonyonywa hewa, wanashika kitu kilichotulia. Yetu ya asubuhi imechinjwa usiku. Nyama ikichinjwa tu inakuwa imelegea, baada ya masaa kadhaa inakakamaa yenyewe, halafu inahitaji siku kadhaa kwenye ubaridi ndo ilegee tena kwa sababu vimeng'enya vyake vinaanza kukatakata nyuzi. Kwahiyo ukinyanyua kidari saa kumi na mbili asubuhi kikaanguka kama kitambaa haijakwambia chochote kuhusu ulaini, imekwambia tu kwamba ng'ombe amechinjwa muda si mrefu, na ukirudi mchana ukakikuta kigumu ni kilekile.

Badala ya kukinyanyua wewe angalia unene. Flati itazame pale mwishoni kwenye upande mwembamba, kama haifiki sentimita mbili na nusu hivi hiyo ncha itaungua, labda uikate mapema uiweke pembeni kwa mchuzi. Chagua ambacho unene haushuki ghafla. Halafu tazama vistari vyeupe ndani ya nyama yenyewe, sio mafuta ya pembeni, vistari vya ndani. Wamarekani wana madaraja yao, Select, Choice, Prime, yanaangalia hivyo vistari pamoja na umri wa mnyama. Sisi buchani hatuna hayo madaraja, una macho yako tu.

Na ukishanunua ipeleke kwenye friji siku mbili tatu ikae sehemu ya baridi sana bila kuganda, chini ya nyuzi joto 4 za Selsiasi. Hiyo peke yake inabadilisha nyama kuliko viungo vyote unavyopakaa. Ila friji iwe friji kweli, umeme ukikatika masaa mengi usilazimishe.

Mzee wa Pugu

Vijana mnaongea vizuri lakini mmeanzia buchani, mi naanzia mnadani. Ng'ombe wengi wanaoshushwa Pugu ni wa asili, wale wafupi wenye nundu, wametembea, wamekula majani tu, wengi ni watu wazima. Huyo hana mafuta ya kujaza ndani ya kidari, hata ukimwimbia. Kidari chake cha upande mmoja ukishatoa mfupa unapata kilo mbili mpaka tatu hivi, wakati hizo za kwenye video zinafika kilo tano mpaka saba kwa sababu ng'ombe wao wamenenepeshwa kwa nafaka. Sasa mtu anachukua masaa ya kule anayapeleka kwenye kidari cha kilo mbili na nusu, anatoa mkaa.

Umri mnaweza kuujua hata buchani. Tazama ule mfupa wa kifua. Kama gegedu bado ni nyingi, nyeupe, laini, na mfupa ndani mwekundu, huyo alikuwa kijana. Kama umekuwa mweupe mgumu mtupu, mzee mwenzangu huyo, mpeleke kwenye supu. Mafuta ya njano yasiwatishe sana, ng'ombe wa majani mafuta yake yanakuwa ya njano kwa ile rangi iliyomo kwenye majani, ingawa njano iliyokolea sana na nyama iliyokuwa giza mara nyingi vinaendana na uzee. Ukitaka mwili zaidi ulizia ng'ombe wa ranchi, Borani au chotara wake, ranchi za taifa kama Kongwa wanawafuga hao muda mrefu.

Lakini niwape siri. Nundu. Nundu ya ng'ombe wetu ina mafuta yaliyoingia ndani ya nyama kuliko kidari chochote mtakachokipata hapa mjini. Brazil, ambako ng'ombe wengi ni wa nundu kama hawa wetu, wanaiita cupim na wanaipika taratibu masaa mengi mpaka inachanika kwa uma. Texas hawana hiyo habari kwa sababu ng'ombe wao wengi hawana nundu ya maana. Sisi tunayo halafu tunahangaika na flati nyembamba.

Mtoto wa Tandika

Mzee kaua uzi. Nundu inauzwa bei gani lakini, buchani kwetu inaondoka kabla haijashushwa kwenye pikipiki.

Fundi Bucha Mstaafu

Ni kweli nundu ina wenyewe. Ng'ombe mmoja nundu moja, na kuna watu wa nyama choma wameshaweka oda ya kudumu. Kaa na kijana wako wa bucha vizuri. Ila mzee kasema kweli tupu, kwa moshi nundu inasamehe makosa mengi kuliko kidari.

Mpishi wa Kigamboni

Mi nanunua supamaketi kwa sababu ya kazi, niongeze hapo. Nyama ya boksi kutoka nje jina la kwenye karatasi linategemea imetoka nchi gani na hapo watu wanapigwa. Mmarekani akiandika brisketi mara nyingi anamaanisha bila mfupa, na ana namba: 120 ni kizima, misuli yote miwili, 120A ni flati peke yake, 120B ni pointi peke yake. Ukiona 120A bei ya kutupwa usishangilie, ni ule upande unaokauka. Mwaustralia anagawa kwa mwanzo na mwisho, kipande chake cha mbele anachokiita "point end" kina misuli yote miwili ndani, sio pointi peke yake, na cha nyuma anachokiita "navel end" ni ile nyama ya tabaka aliyopewa Binti Magomeni. Muingereza anapenda kutoa mfupa anaviringisha anafunga kamba. Hicho cha kufungwa kamba kwa moshi msinunue, huoni ndani kuna nini, na ukifungua unakuta kibapa na vipande vimejazwa.

Kwenye plastiki pia angalia maji mekundu. Yakiwa mengi sana huenda nyama iliganda ikayeyuka ikagandishwa tena, itakauka zaidi.

Na mafuta bonyeza kwa kidole. Yale magumu meupe hayabonyei, yanakaa zaidi kwenye kona pale pointi inapokutana na flati, hayo hayayeyuki hata uchome usiku kucha, unayakata nyumbani kwa kisu kidogo. Yanayobonyea yaache, ila yasizidi nusu sentimita juu ya nyama, yakizidi moshi na chumvi haviingii.

Mla Mbavu

Sawa nimekubali kuacha kunyanyua. Sasa nyie mnasema masaa ya video sio yetu, basi ya kwetu ni mangapi? Mkaa wenyewe gunia mnajua lilivyo siku hizi.

Moshi Mwepesi

Usihesabu masaa mkuu, nunua themomita ya kuchoma kwenye nyama, ni rahisi kuliko gunia. Pipa likae kwenye nyuzi joto 107 mpaka 120 za Selsiasi, nyama itapanda vizuri halafu ikifika kama 65 mpaka 75 inagoma, haipandi, unaweza kukaa masaa unaangalia namba haitikisiki. Hapo watu wanaongeza mkaa kwa hasira. Nyama inatoa jasho, lile jasho linavyokauka linaipoza, ndo maana inasimama. Ifunge kwa foili au karatasi nene isiyo na nta, itavuka. Itoe ikifika 93 mpaka 96, lakini kipimo cha mwisho ni kijiti, ukikichomeka kinaingia bila kubishana. Kwa kidari chetu kidogo unaanza kuangalia mapema sana, usiondoke kwenda kuangalia mpira Kwa Mkapa urudi jioni. Funika ipumzike nusu saa mpaka lisaa ndo ukate, na usiiache mezani kutwa, kwa joto la hapa nyama iliyopoa nje inaharibika haraka.

Kuni za mwembe au mpera zilizokauka zinatoa moshi mzuri, mbao za kupakwa rangi na za paleti zilizowekwa dawa acha kabisa. Na hilo pipa lenyewe uwe unajua lilikuwa limebeba nini.

Binti Magomeni

Swali la mwisho jamani msinichoke. Nina wageni kumi Jumapili, wengine wazee hawana meno ya kushindana. Ninunue nini, kwa kilo ngapi?

Fundi Bucha Mstaafu

Nyama ya moshi inapungua sana binti, maji na mafuta yanatoka, kinaweza kubaki kama nusu ya ulichoweka. Watu kumi chukua vidari viwili vya ng'ombe mmoja, vyote bila mfupa, utakuwa na kilo tano hivi. Zile ncha nyembamba za flati kata kabla, tengeneza pilau la pembeni, wazee wale pointi. Na mfupa dai.

Mzee wa Pugu

Ukipata nundu weka na nundu. Wazee tunaijua.

Binti Magomeni

Leo jioni napita bucha na kianzio. Ntaleta picha hapa kijana akishakitoa kizima, fundi unionyeshe mstari uko wapi kabla sijakipaka chumvi.